BASTOLA YA MLINZI NA KIZUIZI CHAKE: CHAMA KISEME NINI?



Katika barua zilizotufikia tangu mkutano uliopita, swali moja limerudi kila mara. Ikiwa siku moja walinzi wa makampuni watapewa bastola, je, bastola hiyo iwe na kizuizi cha kidole gumba, au isiwe nacho? Wengine wameandika kwa hasira, wengine kwa mzaha, na ndugu mmoja wa zamu ya usiku ameuliza kama si heri chama kidai makoti ya mvua kwanza. Juu ya makoti tunakubaliana naye. Lakini swali la kizuizi si dogo, wala si la mafundi wa silaha peke yao, kwa sababu mkono utakaoshika chombo hicho ni mkono wetu, na mguu utakaokuwa chini yake ni mguu wetu.

Maneno ya kuwapa walinzi silaha si mapya. Yalivuma baada ya Westgate mwezi wa Septemba 2013. Yakavuma tena baada ya Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, ambako walinzi wa langoni waliuawa kabla ya wanafunzi, na tena baada ya mambo ya Riverside, Nairobi, Januari 2019. Bunge lilitunga sheria ya kusimamia ulinzi wa makampuni mwaka 2016, na tangu hapo maneno haya huja na kwenda kama mvua za vuli. Leo hatuandiki kusema tupewe au tusipewe. Jambo hilo lina mkutano wake. Twaandika ili siku hiyo ikifika tusikute tajiri ameshanunua kasha zima la bastola za bei rahisi, kisha anatuambia tutie sahihi.

Kwanza tuelewane kinachosemwa. Kizuizi ni kile chuma kidogo kilicho ubavuni mwa bastola, ambacho kidole gumba hukisukuma. Kikiwa upande mmoja, bastola haifyatuki hata ukivuta kifyatulio kwa nguvu zako zote. Kikiwa upande wa pili, inafyatuka. Bastola za namna ya Colt ya 1911, alizozibuni Bwana John Browning wa Marekani, zinacho. Ile Browning ya 1935 ambayo wazee wetu wengi waliiona kiunoni mwa maofisa wa Kiingereza inacho. Ceska, jina ambalo kila msomaji wa gazeti hapa Kenya amelisoma, ni bastola za Kicheki, na ile yao mashuhuri iliyoanza 1975 inacho.

Nyingine hazina. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Glock ya Austria. Mwenye kuibuni, Bwana Gaston Glock, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa akitengeneza visu na vyuma vya mapazia kabla ya kuuza bastola hata moja, na jeshi la nchi yake liliichukua bastola yake mwaka 1982. Ndani yake mna vizuizi vitatu vinavyojifunga na kujifungua vyenyewe kadiri kidole kinavyovuta. Cha kusukuma kwa kidole gumba hakuna. Ukivuta inalia, usipovuta hailii.

Basi mnaweza kudhani kwamba wakubwa wa vita wameshakata shauri hili zamani. Hawajakata. Mwaka 2013 jeshi la Uingereza liliacha Browning yenye kizuizi likanunua Glock zaidi ya 25,000 zisizokuwa nacho. Miaka minne tu baadaye, Januari 2017, jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer waliyoipa jina la M17, na miongoni mwa masharti yao ilikuwa lazima iwe na kizuizi cha kidole gumba. Majeshi mawili makubwa, marafiki, yenye mabingwa na fedha, yamekwenda njia mbili mbali mbali. Kwa hiyo mtu akija kwenye tawi lenu akasema jambo hili liko wazi, na kwamba asiyekubali ni mjinga, mwulizeni ni mjinga yupi kati ya hao wawili.

Sababu ya kutokubaliana ni kwamba kila kundi linaogopa jambo lake. Wasiopenda kizuizi huogopa saa ya hatari. Mtu aliyeshtuka mikono humtetemeka, vidole huwa vizito, na kazi ndogo ya kusukuma chuma kisichozidi ukucha yaweza kumshinda. Anatoa bastola, anavuta, kimya. Adui hangoji. Ndugu zetu waliotoka jeshini, nao ni wengi katika chama hiki, karibu wote wamesimama upande huu, na si watu wa kupuuzwa.

Wapendao kizuizi huogopa siku zote zingine. Huogopa kamba ya jaketi iliyoingia ndani ya ala pamoja na bastola ikavuta kifyatulio. Huogopa kidole kilichosahaulika mahali pake wakati wa kurudisha silaha kiunoni. Huko Marekani watu wamejipiga paja na mguu kwa namna hiyo mara nyingi mpaka jambo limekuwa na majina ya dhihaka. Tena huogopa mkono wa mtu mwingine.

Hapo kwenye mkono wa mwingine tukae kidogo. Bastola ya mlinzi haimo mfukoni mwa tajiri aliyekaa ndani ya gari. Imo kiunoni mwa mtu aliyesimama mlangoni mwa benki, watu wanampita bega kwa bega, mmoja anamwuliza njia, mwingine anamsukuma kidogo akiomba radhi. Hapa kwetu silaha zimenyang'anywa askari polisi wenye mafunzo ya miezi mingi, sembuse sisi. Bwana Massad Ayoob, askari na mwandishi wa Marekani anayejulikana sana katika mambo haya, ameandika tena na tena kwamba wapo askari waliookoka kwa sababu aliyewapokonya bastola alivuta na isilie, hakujua kizuizi kiko wapi. Polisi wa jimbo la Illinois walianza kubeba bastola ya Smith & Wesson yenye kizuizi mwaka 1967, na sehemu ya mafundisho yake ameyapata kwao. Sekunde mbili au tatu za mwizi kutafuta chuma kile ni sekunde za mwenye bastola kuirudia au kukimbia.

Sasa tupime kwa hesabu ya kazi yetu wenyewe, si ya sinema. Mlinzi wa zamu ya saa kumi na mbili huichukua silaha asubuhi na kuikabidhi jioni. Hiyo ni mara mbili kwa siku. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni mara 600 ambazo bastola hutoka mkono hadi mkono, huingia na kutoka katika ala, hukaguliwa kama ina risasi. Hapo hatukuhesabu kwenda msalani, kula, kuingia ndani ya gari na kufunga mkanda wa kiti. Na ni mara ngapi kwa mwaka ataitoa ili apige mtu? Wengi wetu, Mungu akipenda, watafika umri wa kustaafu bila hata mara moja. Aliye askari vitani aogope bastola isiyolia. Sisi inatupasa tuogope zaidi ile inayolia.

Kwa sababu hiyo, maoni ya ukurasa huu ni kwamba chama kidai kizuizi. Lakini ngojeni, maana kizuizi kibaya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, na hapa ndipo matajiri watakapotucheza tusipoangalia.

Kuna vizuizi vya namna mbili. Cha Colt, cha Browning na cha Ceska ya 1975 kimewekwa kwenye mwili wa bastola: ukikishusha chini, iko tayari kupiga. Hili ni jambo la asili, kwa sababu kidole gumba kikishika mpini hushuka chenyewe. Lakini Walther ya Kijerumani ya 1929, na Beretta ambayo Wamarekani waliichukua mwaka 1985, chao kiko juu, kwenye lile bamba linalorudi nyuma: hapo chini ni salama na juu ni tayari. Kinyume kabisa! Hata Jericho ya Israeli, ambayo pia hutajwa sana magazetini mwetu, imetengenezwa kwa namna zote mbili, nyingine hivi, nyingine vile, na jina ni lile lile.

Fikirini basi ghala la kampuni ambalo limenunua chache hapa na chache pale. Juma hili mlinzi amepewa ya kushusha, juma lijalo ya kupandisha. Mkono hauna macho. Utafanya ulivyozoea, na siku ya hatari utafunga mahali pa kufungua. Kwa hiyo neno la kwanza chamani liwe hili: ghala moja, bastola ya namna moja, na kizuizi kiwe kwenye mwili, chini kiwe tayari. Kiwe pande zote mbili pia. Tunao wanachama wanaotumia mkono wa kushoto, na kizuizi kilicho upande mmoja tu kwao ni kama mlango wenye kitasa upande wa jirani.

Neno la pili ni gumu zaidi, na tunaomba makatibu wa matawi walisome mara mbili. Kwenye Colt, Browning na Ceska tulizozitaja, kizuizi kikifungwa hufunga pia lile bamba la juu. Maana yake, huwezi kutoa risasi iliyomo chumbani mpaka ukifungue kwanza. Basi saa ile ya makabidhiano, ambayo tumesema ndiyo saa yetu ya hatari, kizuizi hakitusaidii hata kidogo, kimelala. Tena kwenye Ceska ya 1975 ya kawaida, kama nyundo imesimama na unataka kuilaza huku risasi imo, inakubidi uishike nyundo kwa gumba huku unavuta kifyatulio, uiachie pole pole. Mtu aliyekesha usiku kucha, saa kumi na mbili asubuhi, vidole vina baridi! Hatutaki hata kuifikiria. Wacheki wenyewe walijua shida hii, na baadaye wakatoa zenye kitufe cha kulaza nyundo bila kuvuta, na zile ziitwazo P-07 na P-09 ambazo fundi anaweza kuzitia kizuizi au kitufe hicho, upendavyo.

Lakini zipo bastola ambazo kizuizi kimefungwa na bamba bado linarudi nyuma, hata risasi ikatoka. M17 ya Wamarekani ni mojawapo. Namna hiyo ndiyo inayotufaa, na ndiyo iandikwe katika madai, kwa maneno hayo hayo, asije mtu wa manunuzi akatuambia kizuizi ni kizuizi.

Hapa lazima tuseme na jambo lingine bila kuficha. M17 imezaliwa na bastola iitwayo P320. Mwaka 2017 huo huo ilionekana kwamba P320 za wakati ule zikianguka kwa pembe fulani zaweza kulia zenyewe, na kampuni ikajitolea kubadilisha vyuma vya ndani, pamoja na kifyatulio kuwa chepesi zaidi. Baadaye watu wengi, na miongoni mwao askari, wamefungua kesi huko Marekani wakisema zao zililia bila kuvutwa, kampuni imekataa. Hatuhukumu kesi za watu. Twasema tu kwamba kizuizi cha nje hakimwondolei mnunuzi wajibu wa kuuliza kilichomo ndani, na chama kina haki ya kuona karatasi za majaribio ya kuangushwa kabla ya mwanachama yeyote kuweka chombo kiunoni.

Wengine wametuandikia wakisema: acheni kizuizi, wekeni kifyatulio kizito, mtu asiweze kuvuta kwa bahati mbaya. New York walifanya hivyo kwa miaka mingi. Polisi wao walibeba bastola zisizo na kizuizi lakini kifyatulio kilivutwa kwa uzito wa ratili 12, zaidi ya kilo tano, karibu mara mbili ya ule wa kawaida. Ajali zaweza kupungua kwa njia hiyo, hatubishi. Lakini mkono unaovuta uzito huo hutikisa mtutu. Mwezi wa Agosti 2012, karibu na jengo la Empire State, askari wawili wa New York walimpiga mwuaji risasi katikati ya watu, wakafyatua mara 16. Wapita njia tisa waliumizwa, wote kwa risasi za polisi na vipande vyake. Wapo waliokilaumu kifyatulio, wapo waliolaumu mazoezi. Sisi tunaona benki ya Tom Mboya Street mwisho wa mwezi, foleni imefika nje, na hatutaki mlinzi wetu awe ndiye aliyewaumiza wenye mishahara.

Wengine tena wamesema bastola ibebwe bila risasi chumbani, itiwe siku ya shida. Ni njia salama kweli, na kwa mwezi wa kwanza wa mlinzi mpya tungeikubali. Ila inataka mikono miwili, na mlinzi ambaye mkono mmoja umeshikwa na mtu, au umeshika mlango usifunguliwe, ana mkono mmoja tu.

Sasa mazoezi, ambayo kwetu ndiyo shauri lenyewe. Polisi wa mji wa Washington walianza kubeba Glock mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ule ule walipoandika askari wengi kwa haraka na kuwafundisha kwa haraka. Gazeti la Washington Post lilichunguza mwaka 1998 likakuta bastola zimelia kwa bahati mbaya zaidi ya mara 100 katika muda wa kama miaka kumi, na watu kuumia, askari na raia. Glock ile ile, katika miji iliyofundisha vizuri, haikuleta msiba wa namna hiyo. Chuma kilikuwa kimoja, ila saa za mafunzo hazikuwa sawa.

Na hapo ndipo tunapowajua matajiri wetu. Kampuni inayokata mshahara kwa sababu ya kofia iliyopotea, je, italipa risasi za mazoezi kila mwezi, na siku ya mlinzi kwenda uwanjani, na nauli, na mtu wa kumshikia zamu? Tunaogopa itafanya hivi: itanunua bastola yenye kizuizi, itaonyesha wageni kizuizi hicho, na itasema usalama umekwisha patikana. Kisha siku bastola ikilia, meneja atauliza swali moja tu, "Kizuizi kilikuwa wapi?" na mlinzi atakuwa amefukuzwa kabla jeraha halijafungwa.

Kifuniko cha msumeno humlinda fundi hata kama amechoka, hata kama anawaza karo ya mtoto. Kizuizi cha bastola humlinda mwenye kukikumbuka. Ndiyo maana hatuwezi kukubali kiwe chombo cha kumhukumu mfanya kazi. Sheria mbili za 2007, ya usalama wa kazini na ya malipo ya majeruhi wa kazini, zimeweka juu ya mwajiri wajibu wa kutoa vyombo salama, mafundisho na usimamizi, na wajibu wa kumlipa aliyeumia kazini. Sheria ya malipo huzungumzia makosa ya makusudi ya mfanya kazi. Kusahau chuma kidogo saa ya kumi na mbili ya zamu si makusudi, na tunataka iandikwe hivyo katika mapatano, nyeusi kwenye nyeupe, siyo kwa ahadi ya mdomo.

Kwa hiyo, katika mkutano wa wajumbe, ukurasa huu utaunga mkono madai haya. Bastola ya namna moja kwa kampuni nzima, yenye kizuizi kama tulivyoeleza. Ala ngumu inayofunika kifyatulio chote na yenye kufuli la kuzuia kunyang'anywa, ya kampuni, isiyokatwa mshaharani. Pipa la mchanga katika kila kituo cha makabidhiano, mtutu uelekezwe humo kila wakati wa kutia na kutoa risasi. Pipa na mchanga havigharimu hata bei ya bastola moja. Kitabu cha zamu kiwe na mstari wa kuandika kama chumba kina risasi na kizuizi kiko wapi, na atie sahihi anayetoa na anayepokea, wote wawili, ili lawama isimfuate wa mwisho peke yake. Mazoezi kila mwezi, kwa saa za kazi, kwa malipo ya kazi. Na mwanachama akikataa kubeba bastola, abaki katika kazi yake ya kawaida bila kunyanyaswa.

Mazoezi hayo yakikataliwa, yote mengine yafutwe. Hapo tutawashauri wanachama wasiipokee bastola, iwe na kizuizi au isiwe nacho.

Ndugu wa kamati yetu waliotoka jeshini hawajakubali juu ya kizuizi, nao wamepewa nafasi ya kuandika katika toleo lijalo. Matawi ambayo bado hayajatuma maoni yatume kabla ya wajumbe kukutana, yakiandika idadi ya walinzi wanaotumia mkono wa kushoto, na kama kituo chao kina mahali pa kuweka pipa.